Kabla ya Kuuliza "Ngapi"

Hapa Kitengela hata mtoto wa shule anajua kwamba hununui ploti bila kufanya sachi. Unachukua nambari, unaenda ofisi ya ardhi Kajiado, unaangalia shamba ni la nani na lilitoka kwa nani, na kama kuna mkopo umelikalia. Tumelizwa vya kutosha. Ploti moja inauziwa watu watatu, kisha dalali anazima simu.

Sasa niambie, watu wajanja hivyo wanakubalije mtungi wa bibi yao uwekewe bei kwa picha ya WhatsApp?

Mtungi wenyewe ni mdogo, kimo cha chupa ya soda ya lita moja, kauri nyeupe yenye maua ya buluu na ufa mmoja shingoni. Bibi alitoka nao Lamu alipoolewa na babu, aliyekuwa akifanya kazi kwenye reli ya Magadi, wakahamia Kajiado mjini. Miaka yote ulikaa juu ya kabati, ndani mna risiti, sindano na pesa ya sukari. Bibi alipofariki, hata arobaini haijafika, Mjomba akaupiga picha na kuituma kila mahali. Mmoja akajibu ni wa enzi ya Ming, tutajenga ghorofa. Mwingine akasema ni takataka za Gikomba. Wa tatu akaja na Probox mpaka mlangoni kwangu, akaugeuza, akaugonga kwa ukucha, akasema, "Hizi zimejaa mjini, dadangu. Elfu ishirini, pesa mkononi." Nikamuuliza, kama zimejaa mjini, hiyo petroli ya kutoka Nairobi amechoma ya nini? Mjomba hakunisemesha wiki nzima.

Sipingi kuuza, bana. Karo naijua, na kodi naijua. Ninachopinga ni "ngapi" kuwa swali la kwanza, maana anayeanza na hilo ndiye anayeibiwa.

Mjomba anaapia zile herufi sita za Kichina zilizo chini. Kwake hizo ni kitambulisho. Lakini wafinyanzi wa enzi ya Kangxi, 1662 hadi 1722, mara nyingi waliandika jina la Chenghua, mfalme wa karne ya 15, kwenye vyombo vyao wenyewe. Waliokuja baadaye nao wakaiga, wengine kwa heshima, wengine kwa biashara tu. Ukikuta neno "China" kwa herufi za Kizungu, basi kwa kawaida chombo ni cha baada ya 1891, kwa sababu Marekani ilianza kudai bidhaa za kigeni ziandikwe nchi zilikotoka. Na kuna bakuli nyingi kwenye nyumba za pwani ambazo familia zinaziita za Kichina, kumbe zilitoka viwanda vya Maastricht, Uholanzi, karne ya 19. Geuza usome.

Ila hata ukisoma kitako chote, hujamaliza sachi. Lamu vyombo kama hivi vilipangwa kwenye zidaka, zile safu za vishubaka vya chokaa ukutani, mgeni aone nyumba ni ya nani. Mambrui kuna kaburi la nguzo lililopachikwa bakuli za Kichina. Gedi, ambako James Kirkman alianza kuchimba mwaka 1948, vigae vya kauri vilisaidia kujua mji ulikaliwa lini. Kigae hicho hicho, kikiokotwa na kutiwa mfukoni bila kusema kilikotoka, hakimsaidii mtu tena.

Kama unadhani hii ni romansi ya watu wa fasihi, uliza Wamijikenda. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama kando ya vigango viwili vya ndugu zake marehemu. Muda si mrefu vikaibiwa. Miaka baadaye vikaonekana kwenye makumbusho ya Marekani, na ile picha ikawa ndiyo hati. Mwaka 2007 vilikuwa vimerudi nyumbani. Bila picha vingebaki mbao za maridadi zisizo na mwenyewe.

Na bei je? Mwaka 2022, Fontainebleau nchini Ufaransa, mtaalamu alikadiria mtungi mmoja wa Kichina wa urithi kuwa wa euro 2,000 hivi. Mnadani ukafika milioni 7.7. Mtaalamu alipoteza kazi, lakini hakubadilisha kauli: ni wa karne ya 20. Pesa ilionyesha tu kwamba watu wawili waliutaka sana.

Halafu kuna sheria, ambayo yule wa Probox hakuitaja. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa cha kale kitu kinachohamishika, kisicho kitabu wala hati, kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya 1895. Kukitoa nje ya nchi ni kwa kibali. Ona hapo: hata siku kilipoingia ina uzito. Na siku hiyo haijaandikwa kwenye kitako. Wanaijua wazee, na wazee wanaenda.

Kwa hivyo nimenunua daftari. Nimeandika ufa ulitokea lini (mimi, darasa la tatu, mpira), Bibi aliupewa na nani, nyumba gani, mtaa wa Mkomani. Mahali pengi pana alama ya kuuliza. Jumamosi napanda matatu kwenda Kajiado kwa mdogo wake Bibi, ambaye macho yamechoka lakini majina yote ya harusi ile anayo. Nitamrekodi. Nikishamaliza, nataka mtungi uangaliwe na watu wa makumbusho, ukiwa mkononi mwangu na daftari pembeni.

Mjomba amesema hanizuii. Ameniomba tu nikiwa huko nimuulize huyo bibi kama kulikuwa na mwenzake, maana amesikia wanaolipa vizuri hununua jozi.