Jembe Halijishiki

Katika mjadala wa chama chetu muhula uliopita, tuliulizwa: anayehamia ugenini abadilike yeye, au wenyeji ndio wambadilikie? Kengele ililia kabla sijapewa nafasi. Leo nafasi nimeipata, nami nasema hivi: mgeni ndiye aanze.

Hebu twende Brazili, katika jimbo la Pará, ndani ya msitu wa Amazoni. Huko wageni walianzisha makazi mawili karibu wakati mmoja.

Ya kwanza ni Fordlândia, kando ya mto Tapajós. Yalianzishwa mwaka wa 1928 na tajiri wa magari, Henry Ford wa Marekani, ili apate mpira wa magurudumu. Mameneja wake walifika na Marekani yao nzima mkobani. Pombe ikapigwa marufuku. Wafanyakazi waliozoea kupumzika jua likiwa utosini wakawekewa saa za kiwandani, tena wakalishwa vyakula vya kigeni. Desemba 1930 wakachoka. Ghasia zikazuka katika ukumbi wa kulia, saa za kazi zikavunjwavunjwa, na mameneja wakakimbilia mashua! Hata miti nayo iligoma. Msituni mipira huota mbalimbali. Wao waliipanda kwa kubanana, ugonjwa wa majani ukaruka kutoka mti hadi mti. Mwaka wa 1945 mashamba yakauziwa serikali ya Brazili kwa hasara kubwa. Ford mwenyewe hakuwahi kukanyaga pale.

Ya pili ni Tomé-Açu, ambako Wajapani walifika mwaka wa 1929. Nao walianza vibaya. Kakao ilikataa, malaria ikawaandama, na wengi wakahama. Mwaka wa 1933 miche 20 ya pilipili manga ikaletwa kutoka Singapore. Ni miwili tu iliyosalimika, lakini kutokana na hiyo miwili, baada ya Vita Vikuu vya Pili walitajirika. Kisha ugonjwa ukaifyeka pilipili yenyewe. Waliobaki walifanya nini? Walitazama jinsi majirani wao wa kandokando ya mito walivyochanganya miti ya matunda kuzunguka nyumba zao, wakaiga. Leo katika shamba moja utakuta kakao, pilipili manga, karakara na michikichi ya asai, mrefu akimkinga mfupi jua. Mwalimu wao alikuwa jirani.

Kuna atakayesema, "Wamarekani walikuwa waajiriwa wenye kwao, Wajapani hawakuwa na pa kurudi." Ni kweli, shida ni mwalimu mkali. Wala wenyeji si malaika. Brazili ilipoingia vitani mwaka wa 1942, Tomé-Açu iligeuzwa mahali pa kuwazuilia Wajapani, Wajerumani na Waitaliano. Kwa hivyo sisemi wajibu ni wa mgeni peke yake. Nasema aanze.

Nalisema hili nikijua uchungu wake. Nilipohamia hapa kutoka Mombasa nikiwa kidato cha kwanza, niliinulia githeri pua, nikacheka lafudhi za wenzangu, halafu jioni nikamlalamikia mama ati watu wa huku hawanipendi. Muhula mzima nilikula peke yangu. Siku moja nilimwomba mwenzangu anifunze salamu za lugha ya kwao. Alicheka nilivyotamka hadi machozi yakamtoka, kisha akanisogezea nafasi kwenye benchi. Githeri sasa naila, na bado mimi ni mtu wa Pwani. Kujifunza si kujiuza.

Basi wenzangu mnaoota kwenda majuu, na hata ninyi mtakaohamia mtaa wa pili tu, kabla ya kuuliza "Mbona hawanielewi?" jiulizeni "Mimi nimejifunza nini kwao?" Nanyi wenyeji, mgeni akitamka vibaya, chekeni, lakini msogezeeni benchi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kazi ya mwenyeji ni kulitoa hilo jembe. Lakini jembe halijishiki lenyewe. Mgeni na anyooshe mkono.