Uwanda wa Ruzizi: udongo upimwe kabla msingi haujachorwa

Katika uwanda wa Ruzizi, kati ya Kamanyola na Uvira, kuna udongo mweusi ambao kila mkulima anaujua. Mvua ikinyesha unanata kwenye jembe na viatu. Kiangazi kikifika, kuanzia mwezi wa sita, unafunguka nyufa ambazo mkono unaingia. Anayelima mpunga anaupenda, maana unashika maji. Lakini juu ya udongo huohuo tunajenga shule, vituo vya afya, makanisa na nyumba za familia, na tunajenga kana kwamba tuko juu ya mwamba.

Matokeo yake yanajulikana. Ufa unaanzia kwenye pembe ya dirisha, unapanda kama ngazi ukifuata viungo vya matofali hadi karibu na paa. Mlango unakataa kufungwa. Sakafu inapasuka na kuinuka. Mwenye nyumba anasema fundi ameiba simenti, fundi anasema matofali hayakuiva, na majirani wanataja sababu nyingine ambazo hatutaziandika hapa. Ni kweli, mara nyingine fundi ameiba. Lakini hata nyumba iliyopewa simenti yake yote itapasuka ikiwa udongo ulio chini yake unavimba na kusinyaa kila mwaka.

Udongo wa mfinyanzi si wa aina moja. Ule mwekundu tunaouona Lubumbashi na kwenye vilima vingi vya nchi yetu kwa kawaida una kaoliniti kwa wingi, madini ambayo hayaingizi maji mengi ndani yake. Udongo mweusi wa tambarare una madini ya jamii ya smektiti. Haya yana matabaka membamba sana yanayoachana ili kupokea maji, kisha yanabanana maji yakitoka. Wakati wa kiangazi udongo wa nje ya kuta unakauka kwanza, ule wa chini ya sakafu unabaki na unyevu. Pembe za nyumba zinashuka, katikati panabaki juu. Mvua zikirudi, kingo zinavimba tena. Na inayoumia zaidi ni nyumba isiyo na ghorofa, kwa sababu ni nyepesi mno kuukandamiza udongo unaovimba. Hiyo ndiyo nyumba ambayo karibu kila familia inajenga.

Pale mradi wenye pesa unapomleta mhandisi, mara nyingi anakuja na penetrometa, chuma kinachopigwa ardhini ili kujua udongo unaweza kubeba uzito gani. Ni kipimo kizuri, lakini kinajibu swali lingine. Mwezi wa nane udongo mweusi ni mgumu kama tofali la kuchoma. Chuma kinagoma kuingia, ripoti inaandika kwamba kiwanja ni imara, na mchoro uleule uliochorwa kwa ajili ya mji mwingine unatiwa sahihi. Hakuna aliyeuliza udongo huo utafanya nini mwezi wa kumi na moja.

Swali hilo lina kipimo chake, na si kipimo cha mashine za ajabu. Unachimbwa mtaro au shimo hadi kina ambacho msingi utakalia na kupita kidogo, kwa sababu udongo wa juu wa shambani haufai kwa kazi hii. Udongo unachukuliwa sehemu zaidi ya moja ya kiwanja. Katika maabara unakaushwa, unapondwa na kuchungwa kwa chungio la matundu ya milimeta 0.425, kisha unakandwa na maji hadi uwe kama uji mzito. Uji huo unajazwa katika kibati cha nusu mviringo chenye urefu wa sentimeta 14, unaachwa ukauke polepole, na mwisho unaingizwa katika tanuri la nyuzi 105. Kinachobaki kinapimwa kwa rula. Kijiti cha sentimeta 14 kikitoka na 12.6, udongo umesinyaa kwa asilimia 10. Tangu miaka ya 1950 wahandisi wanatumia kigezo ambacho chini ya asilimia 5 hakina wasiwasi mkubwa, kati ya 5 na 8 kinataka uangalifu, na zaidi ya 8 ni hatari. Mhandisi mzuri hatategemea namba hiyo peke yake. Ataongeza vipimo vya Atterberg, Mswidi aliyeonyesha mwanzoni mwa karne iliyopita kiasi cha maji kinachoufanya udongo uwe mgumu, laini au wa kumiminika.

Namba hizo zinabadilisha mchoro. Mahali pa udongo wa asilimia 3, msingi wa mawe wa kawaida unatosha. Mahali pa asilimia 12, mhandisi atalazimika kuchagua: kushusha msingi hadi kina ambacho unyevu haubadilikibadiliki, au kuondoa udongo mweusi na kujaza moramu iliyoshindiliwa vizuri, au kulaza jengo zima juu ya bamba la betoni yenye vyuma. Wengine wanajaza mchanga wakidhani wameokoa pesa, kumbe wametengeneza bakuli la kukusanyia maji chini ya nyumba. Ataweka pia mshipi wa betoni kuzunguka kuta, njia ya simenti ya mita moja au zaidi nje, na mifereji ya kupeleka maji ya paa mbali. Na atamwambia mwenye nyumba asipande mikalitusi karibu na ukuta, kwa kuwa mizizi yake inanyonya maji upande mmoja na kuushusha.

Kuna watakaosema haya ni mambo ya nchi tajiri. Kweli, huko Ufaransa, tangu Oktoba 2020, anayeuza kiwanja cha kujenga katika maeneo ya udongo wa namna hii, pale hatari ni ya wastani au kubwa, analazimika kumpa mnunuzi uchunguzi wa udongo. Ila Mfaransa ana bima ya kumlipa ukuta ukipasuka. Mkaaji wa Sange au Luvungi hana. Nyumba yake ndiyo benki yake, imejengwa kwa mavuno ya miaka, mara nyingi baada ya kukimbia vita na kurudi kuanza upya. Kwetu sisi, asiye na bima ndiye anayehitaji kipimo zaidi.

Hatudai kwamba kila mjane anayesimamisha vyumba viwili apeleke udongo maabara. Hilo lingekuwa mlango mwingine wa kutoza watu pesa, na milango hiyo inatosha. Tunadai serikali ya jimbo ianze na majengo yake yenyewe na ya mashirika inayoyapa ruhusa: hakuna shule wala kituo cha afya katika uwanda kitakachopata ruhusa ya kujenga bila karatasi ya kipimo cha kusinyaa katika faili, yenye alama ya mahali na kina udongo ulipotolewa. Idara ya jiolojia ya Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu ina wanafunzi wanaotafuta kazi za mwisho wa masomo. Vipimo hivyo vikikusanywa kijiji kwa kijiji, vitatoa ramani ambayo mwami na machifu wanaogawa viwanja wataweza kuitazama, na ambayo yule mjane ataisoma bure ukutani kwenye ofisi ya kikundi chake kabla fundi hajafika na kamba.