Dokta, andika na upande wa baba

Kwetu Ujiji saratani ya titi haina jina. Utasikia jipu, utasikia jicho la watu, au msibani mtu anakwambia "alikuwa anasumbuliwa na kifua", basi, mjadala umefungwa. Bibi yangu mzaa baba alizikwa na jipu. Shangazi yangu akafariki ana miaka 44, naye eti kifua. Wote wawili ilikuwa titi, na wakubwa walijua.

Naelewa sababu, ni sitara. Hakuna anayetaka maungo ya mama yake yajadiliwe barazani. Lakini jamani, sitara hii inatumaliza sisi tuliobaki.

Mwaka jana nilikwenda kwenye zahanati moja (sitaitaja) nikiwa na uvimbe titi la kushoto. Mgumu, hauumi. Nina miaka 29. Daktari hakunigusa hata kidogo. "Binti, umri wako bado, hizo ni homoni, kanywe dawa ya maumivu." Maumivu yapi tena, na nimeshamwambia hauumi! Nikamweleza kuwa bibi na shangazi wamekufa kwa ugonjwa huo. Akauliza: upande wa mama? Nikajibu wa baba. "Ah, basi hiyo haihusiani."

Inahusiana, ndugu zangu. Jeni za BRCA1 na BRCA2, ambazo wanasayansi walizipata mwaka 1994 na 1995, zikiwa na hitilafu zinampandishia mwanamke hatari ya saratani ya titi na ya ovari, na mtoto anaweza kuzirithi kwa baba sawasawa na kwa mama. Baba anaweza kuvua migebuka mpaka uzeeni bila kuugua kitu, na bado akawa amempa binti yake. Sisemi kila mwenye shangazi aliyeugua naye ataugua. Saratani za titi za kurithi ni kama 5 hadi 10 tu katika kila 100, na wengi wanaougua hawana hata ndugu mmoja aliyewahi kuugua. Kwa hiyo uvimbe wa mtu yeyote upimwe. Ila mwenye historia anatakiwa aanze kuchunguzwa mapema, na ushauri unaotolewa mara nyingi ni miaka 10 kabla ya umri ambao ndugu yake wa karibu aligundulika. Sasa utapigaje hesabu hiyo kama kwenu liliitwa jipu?

Pale zahanati sikugombana. Nilimwambia tu: "Sawa dokta. Naomba uandike kwenye faili kwamba nimekueleza historia ya ukoo wetu, na kwamba umeona hakuna haja ya kipimo." Kalamu ikasita. Akaniandikia ultrasaundi. Huko wakaniambia nichukuliwe kinyama, kikaenda maabara, majibu yakarudi: si saratani. Kuna rafiki yangu akacheka, eti unaona, daktari alikuwa sahihi. Sahihi wapi? Alibahatisha. Kilichojua ni kile kinyama.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaotaka mgonjwa awe amepata jibu la uhakika ndani ya siku 60 tangu afike kwa mhudumu wa afya. Shikeni hiyo namba 60. Akikwambia rudi baada ya miezi sita, muulize kwa nini. Sisi wa mwisho wa reli hatuna siku za kuchezea, maana ukihitaji mionzi ni Ocean Road kule Dar, zaidi ya kilomita 1,200 kwa treni, au Bugando, Mwanza. Mtu wa Kibirizi mwenye tenga lake la dagaa atauza nini mpaka afike huko, halafu afike ugonjwa umeshasambaa?

Nyumbani sasa kuna mvutano. Nimeanzisha daftari la ukoo: nani aliugua, nini, akiwa na miaka mingapi. Baba hataki, anasema wafu waachwe wapumzike. Nimemjibu kwa heshima zote kwamba nina wadogo wawili wa kike, na marehemu shangazi ameacha mabinti watatu. Akanyamaza, akachukua kofia yake akaenda msikitini. Daftari lina majina manne mpaka leo, na umri wa wawili tu.