Nguo Fupi ya Mus'ab

Ndugu msomaji, kisa cha mazishi ya Mus'ab bin Umair (r.a.) hutoa machozi, na mimi sina ugomvi na machozi ya mtu. Ugomvi wangu ni na kazi ambayo kisa hiki kimepewa mtaani kwetu, nayo ni kumnyima mwalimu ujira wake.

Nieleze ilivyokuwa. Katika kamati ya msikiti mmoja, ambao sitautaja, mimi ni katibu. Mwaka jana ustadh wa madrasa alileta ombi kwamba posho yake ya shilingi 40,000 kwa mwezi iongezwe. Ana mke na watoto watatu, amepanga chumba kimoja, na anasomesha watoto zaidi ya 80 kwa zamu mbili: asubuhi wale wadogo, jioni wanaotoka shuleni. Mwezi uleule tulikuwa tumemaliza kulipia vigae vya baraza na mapangaboi mapya. Akainuka mzee mmoja, mtu mwenye sauti nzuri na nyumba tatu za kupangisha, akasimulia jinsi Mus'ab alivyozikwa Uhud kwa kipande cha nguo kisichomtosha. Wajumbe wakajipangusa macho. Mzee akamalizia huku akimtazama ustadh: huyo ndiye mwalimu wa mwanzo aliyetumwa na Mtume (S.A.W.), naye hakuomba nyongeza. Ombi likafa palepale. Nikaandika katika muhtasari kwamba limesikilizwa, nikafunga daftari. Mimi niliyetoka chuo cha ualimu mwaka 1971 na kustaafu mwaka 2009, niliyepokea mshahara wa serikali miaka yote hiyo (hata kama mara nyingine ulichelewa), na ambaye leo nala pensheni, sikufungua mdomo.

Basi naufungua sasa, tena kwa kisa kilekile.

Mus'ab alikuwa Mquraish wa ukoo wa Abdu-Dar. Mama yake alikuwa na mali, na kijana huyu alijulikana Makka nzima kwa mavazi mazuri na manukato. Alipomsikia Mtume (S.A.W.) katika nyumba ya Arqam alisilimu kwa siri, siri ilipofichuka jamaa zake wakamfungia, hata akapata upenyo akahama pamoja na wale waliokwenda Uhabeshi. Aliporudi, zile nguo za ujana hazikuwapo tena. Kwa hiyo umaskini wa Mus'ab ulikuwa na mlango, na aliufungua mwenyewe kwa mkono wake. Aliacha mali ya kwao. Hakuna kamati iliyokaa ikampangia.

Kisha inakuja sehemu ambayo wasimulizi wetu huipita mbio, nadhani kwa sababu haina damu. Mwaka 621 watu 12 wa Yathrib, mji ulioitwa baadaye Madina, walimpa Mtume ahadi pale Aqaba. Walipokuwa wakirudi kwao, Mtume akampeleka Mus'ab pamoja nao awasomeshe Kurani. Mtu mmoja, mji mzima, na makabila mawili, Aus na Khazraj, ambayo yalikuwa yamechinjana miaka michache tu nyuma. Mwalimu yeyote aliyewahi kupelekwa shule mpya asikomjua mtu atanielewa.

Siku moja Mus'ab alikuwa amekaa katika bustani pamoja na mwenyeji wake, As'ad bin Zurara. Akaja Usaid bin Hudhair, mmoja wa wakubwa wa Aus, ana mkuki mkononi na matusi kinywani, ametumwa na Saad bin Muadh kuja kuwafukuza. (Saad mwenyewe aliona haya kuja, kwa kuwa As'ad alikuwa mtoto wa mama yake mdogo. Hata katika mambo makubwa udugu una nafasi yake.) Mus'ab hakuinua sauti. Alimwomba akae asikilize. Likimpendeza alikubali, lisipompendeza wao wataacha. Usaid akaona hiyo ni haki, akauchoma mkuki ardhini, akakaa. Akasilimu. Baadaye akaja Saad naye kwa hasira ileile, akapokewa kwa maneno yaleyale, akasilimu, na inasimuliwa kwamba hata kufika jioni mtaa wake wote ulikuwa umemfuata. Mwaka uliofuata, 622, waliokwenda Aqaba walizidi 70. Chuoni kwetu tulisoma saikolojia ya elimu mwaka mzima, nami sikumbuki somo lililonionyesha vizuri zaidi jinsi ya kumpokea mzazi aliyekuja shuleni na fimbo.

Sasa namwuliza yule mzee: mwezi hadi mwezi, Mus'ab alilala wapi? Alilala kwa As'ad bin Zurara, mtu mwenye heshima katika Khazraj, aliyemfungulia nyumba, akamtembeza kwa watu, akakaa ubavuni mwake hata mkuki ulipokuja. Huyo As'ad hatajwi katika hotuba zetu. Tunamtaka Mus'ab, lakini hapana anayetaka kuwa As'ad, kwa kuwa As'ad ndiye aliyegharimika.

Tufike Uhud, mwaka 625. Mus'ab alishika bendera, akauawa nayo. Khabbab (r.a.) amesimulia kwamba hawakupata cha kumkafini ila nguo moja, wakifunika kichwa miguu yatoka, wakifunika miguu kichwa chatoka. Mtume akaamuru kifunikwe kichwa, na miguuni yawekwe majani ya idhkhir. Lakini siku ile nani alikuwa na nguo ndefu? Hamza mwenyewe, ami yake Mtume, alikafiniwa vivyo hivyo. Nguo ilikuwa fupi kwa sababu jamaa yote ilikuwa na upungufu. Haikuwa fupi kwa sababu pesa zimekwenda kwenye vigae.

Tena angalia nani alilia kwa kisa hiki. Abdurrahman bin Auf, baada ya kutajirika, aliletewa chakula naye amefunga. Akamkumbuka Mus'ab, akasema kwamba alikuwa bora kuliko yeye, kisha akaja naye akakosa sanda. Akaogopa kwamba huenda wao wamekwisha kupewa malipo yao hapa duniani, akalia hata akakiacha kile chakula. Tajiri alijihukumu nafsi yake. Hakumgeukia maskini aliyekaa mlangoni akamwambia: nawe pungukiwa kama yeye. Mzee wetu alilia machozi ya Abdurrahman, kisha akaenda kula chakula chake.

Najua nitajibiwa kwa Hadithi ya Ubada bin Samit, ambaye alipewa upinde na mtu aliyemsomesha, na Mtume akamwonya juu yake. Imo katika vitabu, wala siifichi. Kwa ajili yake mashekhe wa mwanzo wa Kihanafi walikataza ujira wa kusomesha Kurani. Lakini wa baadaye wa madhehebu hayohayo waliruhusu, walipoona kwamba walimu wakiachwa na njaa elimu yenyewe itapotea. Na sisi watu wa pwani ni Mashafii, ambao kwetu ujira huo unajuzu, na katika Bukhari imo Hadithi ya Ibn Abbas inayosema kwamba Kitabu cha Mwenyezi Mungu ndicho kinachostahiki zaidi kuchukuliwa ujira. Abubakar (r.a.), aliposhika ukhalifa mwaka 632, aliacha biashara yake kwa shughuli za Waislamu, na watu wake wakala katika hazina. Ikiwa Abubakar hakuweza kuuza nguo na kuwatumikia watu kwa wakati mmoja, ustadh wetu ataweza vipi?

Wiki mbili baada ya kikao kile alikuja kwangu baada ya Isha. Nilimfundisha hesabu darasa la tano, alikuwa mtoto mwepesi wa sehemu na asilimia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Maalim. Karibu."

Alikaa kwenye mkeka, akakataa kahawa. Akaniambia amepata pikipiki ya mkataba, ataendesha bodaboda asubuhi, jioni atajitahidi. Kisha akasema, bila hasira, "Mwalimu, nawe ulikuwapo."

Zamu ya asubuhi imekufa. Watoto wadogo wapatao 30 wanacheza barabarani saa ambazo walikuwa wakitamka alifu, be, te, na baadhi ya wazazi wanaolalamika kwangu ni walewale wajumbe.

Nimeandika barua kwa kamati. Msikiti una maduka manne ya wakfu. Nimependekeza kodi ya mawili iwe ya mwalimu, ipate kufika shilingi 180,000 kwa mwezi, na kwamba vigae vya ukuta wa kibla visubiri. Barua iko mkononi mwa mwenyekiti tangu mwezi wa Shaabani. Nimeomba pia ule muhtasari wangu usahihishwe, kwa maana ombi lile halikusikilizwa.