Fidia ya Abiria ni Haki, Si Hisani

Wapo wanaodhani kwamba kila apandaye ndege ni tajiri, na kuchelewa kwake si shauri la mtu. Sivyo. Wengine wameuza ng'ombe ili mwana akasome ng'ambo. Ndege ikifutwa hupewa soda na kuombwa radhi, nao hushukuru!

Kanuni namba 261 ya Umoja wa Ulaya, ya mwaka 2004, yasema vingine. Abiria aondokaye Roma kwenda Nairobi, akifika amechelewa saa 4 au zaidi pasipo sababu isiyozuilika kama vile dhoruba, anastahili euro 600, hata kama shirika ni la Kiafrika. Arudipo Roma kwa shirika hilo hilo, kanuni hiyo haimlindi; humlinda akipanda la Ulaya tu. Je, saa za mtu hupungua thamani aondokapo kwetu?

Umebaki Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ulioridhiwa na Kenya na Tanzania. Huo hauna kiwango tayari: mdai huthibitisha hasara yake, na kesi hufunguliwa ndani ya miaka 2. Kwa hiyo tiketi na stakabadhi za chakula na malazi zisitupwe, na dai lipelekwe kwa shirika lenyewe kwa maandishi.