Shamba Lisiuzwe kwa Ajili ya Leseni: Barua kwa Watu wa Kamukuywa



Nawaandikia kutoka Sharjah, Falme za Kiarabu, ninakofanya kazi ya kurusha ndege za mizigo. Nimesikia kwamba ukoo umekaa ukakubaliana kuuza ekari mbili za babu, zile zilizo kando ya barabara ya Webuye kwenda Kitale, ili kijana wetu aende Ulaya kubadilisha leseni yake ya urubani na kutafuta kazi kwenye shirika la ndege huko. Kijana amemaliza mafunzo kwenye kiwanja cha ndege cha Wilson, leseni ya urubani wa kibiashara anayo, na kwa muda mrefu amekuwa akizunguka Nairobi bila kuajiriwa. Najua mama yake alivyohangaika kuipata karo ile. Na si nyumba yetu peke yake. Wazazi wa Kiminini, Kimilili na Tongaren wamenipigia simu wakiuliza hayo hayo kuhusu watoto wao, kwa hiyo nimeona heri niandike mara moja, kila mtu asome.

Ninalosema ni hili: shamba lisiuzwe, na kijana asivuke sasa. Abaki nyumbani akusanye saa za kuruka. Ulaya na Ghuba zitakuwepo akiwa tayari.

Wengi mmeniuliza mbona rubani wa Kenya Airways anaondoka Nairobi na kutua London kwa leseni hii hii ya Kenya bila kuzuiwa na mtu. Ni swali zuri, na ukilijibu umeelewa karibu kila kitu. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, unaoongoza usafiri wa anga duniani, unataka rubani wa safari za kimataifa awe na leseni iliyotolewa au kuidhinishwa na nchi ilikosajiliwa ndege yenyewe. Mkienda Eldoret, au hata pale kiwanja cha Kitale, itazameni ndege ubavuni karibu na mkia. Mtaona herufi zinazoanza na 5Y. Hiyo ni ndege ya Kenya. Ya Uingereza huanza na G, ya huku niliko huanza na A6. Leseni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA, inamruhusu kijana wetu kuvuka mipaka na ndege ya 5Y. Akitaka kurusha A6, hata ikiwa ni ndege ya aina ile ile, yenye injini zile zile, hana budi kupata idhini ya wenye A6.

Sasa kila nchi ina masharti yake. Huko Ulaya, nchi zilizo chini ya wakala wao wa usalama wa anga, EASA, humtaka anayetoka nje afanye mitihani 13 ya nadharia ikiwa anataka leseni ya marubani wa mashirika: sheria za anga, hali ya hewa, urambazaji, uzito na mizani ya ndege, injini, mawasiliano, hata namna mwili na akili ya binadamu vinavyochoka angani. Kila somo ni lazima upate asilimia 75. Muda ni miezi 18 tangu ulipoanza, na ukianguka somo moja mara nne, unarudia yote. Baada ya hapo kuna uchunguzi wa afya wa daraja la kwanza kwa daktari wanayemtambua wao, kisha jaribio la kuruka, na kila saa ya ndege unailipia kwa yuro. Uingereza ilijitoa kwenye mfumo huo mwisho wa mwaka 2020, kwa hiyo leseni ya Ulaya haimfungulii mtu mlango wa London, wala ya London haimfungulii wa Paris.

Marekani nako? Mwenye leseni ya kigeni anaweza kupewa cheti cha rubani binafsi, yaani kurusha bila malipo. Akitaka kulipwa, atahiniwe upya. Na tangu 2013, kukaa kwenye kiti cha rubani msaidizi wa shirika la ndege la abiria kunahitaji, kwa kawaida, saa 1,500 za kuruka. Sheria hiyo ilitokana na ajali ya karibu na Buffalo ya Februari 2009 iliyoua watu 50. Kijana wetu ana saa mia mbili na kidogo.

Mitihani haiwezi kumshinda. Ana kichwa kizuri, na Kiingereza, ambacho marubani wa nchi nyingine hukihangaikia sana, kwake si tatizo. Kinachoniuma ni jambo ambalo yule aliyewapa wazo hili hakuwaambia. Leseni siyo kibali cha kufanya kazi. Anaweza kufaulu masomo yote 13, akapewa leseni safi ya Ulaya, kisha akafungua tangazo la kazi na kukuta sharti la kwanza kabisa: mwombaji awe na haki ya kuishi na kufanya kazi huko. Haki hiyo hainunuliwi kwa ekari mbili. Nimekutana na vijana wa Afrika Mashariki wenye leseni ya namna hiyo ambao kazi yao ya kila siku ni kupanga makasha ghalani. Wakati huo huo leseni yao ya Kenya inalala. Cheti cha afya kinaisha, idhini ya kuruka kwa vyombo, yaani kuongozwa na vyombo vya ndege bila kuona nje, inaisha, na rubani ambaye ndani ya siku 90 hajaruka na kutua mara tatu haruhusiwi kubeba abiria mpaka arudishe mkono wake. Mtu anarudi nyumbani akiwa nyuma ya pale alipoanzia.

Huku Ghuba mambo huenda kwa mpangilio mwingine, na ndiyo sababu mimi niko huku. Mwajiri hukuchagua kwanza, halafu yeye ndiye anayeshughulikia viza na kubadilisha leseni. Mamlaka ya huku iliiandikia KCAA kuuliza kama leseni yangu ni ya kweli na kama ina doa. Majibu yalitoka ofisi hadi ofisi, kwa maana barua ya namna hiyo hawakupi uibebe mkononi. Nikafanya mtihani wa sheria za anga za hapa, nikapimwa afya, nikaingia kwenye simuleta, mashine inayoiga ndege, nikiwa na mkaguzi nyuma yangu akinizimia injini moja wakati wa kupaa. Ndivyo ilivyokuwa. Lakini mwajiri hakunichagua kwa sababu ya leseni. Leseni kila mwombaji alikuwa nayo.

Siku ya usaili, nahodha mmoja mwenye mvi alichukua daftari langu la safari, akalifungua katikati. Kila mstari una tarehe, aina ya ndege, namba yake, ulikotoka, ulikoenda, saa za mchana, za usiku, za kuruka kwa vyombo, na kama ulikuwa nahodha au msaidizi. Akashuka na kidole mpaka kwenye safari moja ya ndege ndogo ya Caravan, Wilson kwenda Lokichoggio. Akaniuliza siku ile nilichukua mafuta kiasi gani, na kwa nini si zaidi. Tukaizungumza safari hiyo moja kwa muda mrefu kuliko mambo mengine yote. Alitaka kujua kama mwenye daftari ndiye aliyeruka kweli, na kama alikuwa akifikiri akiwa angani.

Hiyo safari ya Lokichoggio hamuwezi kuinunua Ulaya. Kiwanja cha Wilson kiko futi zipatazo 5,500 juu ya usawa wa bahari. Eldoret inakaribia 7,000. Hewa ni nyepesi, ndege inahitaji mbio ndefu zaidi kabla ya kunyanyuka, na adhuhuri yenye jua kali huzidisha shida. Rubani aliyezoea kupaa hapo akiwa na mzigo kamili, akatua kwenye viwanja vya vumbi vya Sudan Kusini, akapeleka miraa au dawa Somalia, amejifunza kupima uzito, upepo na joto kwa namna ambayo mwenzake aliyefundishwa kwenye uwanda wa pwani hajaijua. Waajiri wa huku wanalifahamu hilo. Mashirika makubwa yanapenda zaidi saa za ndege zenye marubani wawili na injini za jeti, kwa hiyo Caravan ni mwanzo tu. Kutoka hapo watu hupanda hadi Dash 8 au Fokker 50, kisha jeti. Njia hiyo huchukua miaka. Hakuna niliyemwona akiifupisha.

Najua jibu lenu: Wilson amezunguka na hajapata. Ni kweli, na ni kazi ngumu. Vijana wanapita geti hadi geti na wasifu mkononi, na wengi hukata tamaa. Waliofaulu ninaowajua walikubali kazi yoyote ndani ya uwanja, wakipanga ratiba, wakipima mizigo, wakijulikana kwa majina na marubani, mpaka siku kiti kilipobaki wazi. Kuna njia nyingine ambayo kwetu haizungumzwi vya kutosha: asomee ukufunzi wa urubani. Mkufunzi analipwa, si sana, lakini kila saa anayomfundisha mwanafunzi inaingia kwenye daftari lake mwenyewe. Gharama ya kozi hiyo haikaribii bei ya ekari mbili.

Jambo jingine nawaambia kwa sababu nililiona kwa macho. Korona ilipofunga anga mwaka 2020, mashirika ya Ghuba yaliwaachisha marubani kwa mamia, na mgeni akipoteza kazi hupoteza na ukaazi. Familia zilifunga masanduku ndani ya majuma machache. Waliokuwa na mahali pa kurudi walirudi wakalima na kungoja. Waliokuwa wameuza walirudi kwenye nyumba ya kupanga.

Na wale wanaowapigia simu wakidai wana nafasi kwenye shirika kubwa la huku, mtume tu ada ya usaili kwa M-Pesa: hawana chochote. Mashirika hayo hayamtozi mwombaji. Nambari hizo zifungieni.

Sasa naomba haya. Kijana anipigie mimi Ijumaa usiku, na anitumie picha za kurasa zote za daftari lake, hata zile anazoziona hazina maana. Ukoo badala ya kuuza uchange kidogo kila mwezi kupitia chama cha akina mama, pesa hizo zimlipie chumba karibu na Wilson na kuhakikisha cheti cha afya na idhini ya vyombo haviishi. Karo ya ukufunzi nusu nitatoa mimi, na kaka yangu wa Webuye amekubali kuongeza. Baba mdogo, nakuomba kwa heshima: bodi ya ardhi ikiita majina yenu kabla hatujazungumza, msiweke sahihi. Kama mnunuzi amekwisha kutoa arubuni, niambie ni kiasi gani. Nitamrudishia mwenyewe.

Mwana wenu,
Sharjah