Gitaa kuukuu linunuliwe kwa sikio, si kwa jina

Swali ambalo vijana wapigaji magitaa hawachoki kuuliza ni hili: je, mtu mwenye fedha haba anaweza kumiliki gitaa la umeme la miaka ya 1950 au 1960? Jibu langu ni kwamba anaweza, mradi akubali kununua kile ambacho matajiri wamekikataa.

Yafaa kwanza tufahamu ni nani aliyepandisha bei. Gitaa la Les Paul la rangi ya machweo, lililotengenezwa na kampuni ya Gibson kati ya 1958 na 1960, huuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola za Marekani. Stratocaster ya Fender, iliyotoka kwa mara ya kwanza 1954, hufikia makumi ya maelfu ikiwa ni ya miaka hiyo ya mwanzo. Wanaolipa fedha hizo aghalabu si wapigaji. Ni wakusanyaji, wanaonunua gitaa kama mtu anunuavyo ploti: hulifungia, wakangoja bei ipande. Mkusanyaji hutaka kila skrubu iwe ile ile iliyotoka kiwandani. Gitaa likishapakwa rangi upya, thamani yake kwake huanguka, mara nyingi kwa kadiri ya nusu. Lakini sauti haikuanguka hata kidogo! Hapo ndipo mlango wa mnyonge ulipo, na ninashangaa kwamba wengi huupita bila kubisha hodi.

Basi kijana na atafute gitaa lenye majeraha ya nje na afya ya ndani. Rangi iliyobambuka isimtishe, wala vigingi vya kukazia nyuzi vilivyobadilishwa, kwani hivyo ni vitu vya kurekebishika. Kitu kisichosameheka ni shingo. Alishike gitaa kama mshika bunduki, atazame kwa jicho moja kutoka kichwani hadi kwenye mwili. Shingo iliyopinda kama mkia wa ng'ombe ataiona mara moja. Kisha aulize kama chuma cha kurekebishia kilichomo ndani ya shingo bado huzunguka. Magitaa mengine ya bei ya chini, kama vile Danelectro ya miaka ya 1950 na 1960, yaliwekwa vyuma visivyorekebishika kabisa, na shingo ya namna hiyo ikipinda katika unyevu wa Mombasa, gharama ya fundi yaweza kushinda bei ya gitaa. Zile freti, yaani vyuma vyembamba vilivyolazwa kwenye ubao wa vidole, zikiwa zimelika hadi kuwa bapa, hesabu hiyo nayo iongezwe kwenye bei.

Danelectro yenyewe nimeitaja kwa lawama, lakini ninaipenda. Mwili wake ulikuwa wa fremu ya mbao za bei nafuu iliyofunikwa kwa mbao za unga wa miti ulioshindiliwa, na pikapu zake (si gari, bali sumaku zinasazo mtetemo wa nyuzi) zilifungwa ndani ya vifuko vya rangi ya mdomo. Duka la Sears liliyauza magitaa hayo kwa jina la Silvertone kwa watoto wa wafanyakazi wa Marekani. Jimmy Page wa Led Zeppelin aliyapiga majukwaani mbele ya maelfu ya watu. Ole wa mnunuzi, hata hivyo, anayechelewa hadi nyota aonekane na gitaa fulani. Airline ya plastiki ngumu, iliyouzwa na duka la Montgomery Ward, haikuwa na makuu hadi Jack White wa kundi la White Stripes alipoishika mapema miaka ya 2000. Bei ikaruka.

Kuna pia Japani. Magitaa ya Teisco ya miaka ya 1960 yana sura za ajabu na swichi nyingi kupita kiasi. Mengine ni mazuri, mengine ni kuni. Yale ya miaka ya 1970 na 1980 ndiyo ninayomshauri mwenye fedha kidogo. Ufundi ulikuwa umepevuka kiasi kwamba mwaka wa 1977 wenye Gibson waliwashtaki wauzaji wa Ibanez nchini Marekani kuhusu umbo la kichwa cha gitaa, nao Fender wakaanzisha kampuni yao Japani mwaka wa 1982. Ajihadhari tu na muuzaji anayeita kila nakala ya Kijapani "gitaa la kesi" ili aongeze bei. Kesi ile iliwahusu Ibanez, ikamalizwa nje ya mahakama.

Isitoshe, muziki wetu hauhitaji gitaa la milionea. Solo ya benga, kama ilivyopigwa na Shirati Jazz ya marehemu D. O. Misiani, hutaka sauti kali, safi, yenye kulia juu ya besi. Pikapu ndogo za magitaa ya wanafunzi, kama Mustang ya Fender ya 1964, zaitoa sauti hiyo bila taabu.

Muuzaji akidai kwamba gitaa ni la 1962, aombwe afungue kifuniko. Vifundo vya sauti vya Marekani vina namba mgongoni: 1376612, kwa mfano, maana yake ni kampuni ya CTS, mwaka wa 1966, juma la 12. Akikataa kufungua, aachwe na gitaa lake.

Anayeagiza kutoka ng'ambo aulize pia ubao wa vidole ni wa mti gani. Magitaa mengi ya Marekani ya kabla ya katikati ya miaka ya 1960 yana mti ambao Wabrazili huuita jacarandá. Si ule mjakaranda wa Nairobi. Ni jamaa wa mpingo wetu, na tangu 1992 mkataba wa kimataifa wa CITES umezuia biashara yake kuvuka mipaka bila kibali. Amplifaya yake ainunue hapa hapa, kwani ile ya Marekani imeundwa kwa umeme wa volti 120, na wetu ni 240.